Baridi ya Kiti cha Nyuma

Jumatatu asubuhi, kwenye mzunguko wa Ndokoti, gari la Mkurugenzi Ebongo lilishtuka tena mbele ya watu. Lilikuwa gari jeusi la gia za mkono, limeng'arishwa hadi kwenye rimu, na dereva wake, Wabo, alikuwa ameachia klachi kwa adabu zote anazozijua. Likasogea kidogo, likasita, likaruka, likasita tena, kama mbuzi anayevutwa kwenda asikotaka. Mwanamke aliyekuwa akikaanga maandazi kando ya barabara aliinua mwiko akauliza kama dereva huyo alifundishwa kuendesha kwa simu. Waendesha pikipiki waliolizunguka gari wakapiga honi kwa furaha.

Mkurugenzi alikaa mbele. Wakubwa wengi wa Douala hukaa nyuma, lakini gari hili lilikuwa na matundu ya baridi mbele tu, na yote alikuwa ameyaelekeza kwake, pamoja na yale ya upande wa dereva. Kioo cha katikati nacho alikigeuza zamani ili aone tai yake. Kwa hiyo hapakuwa na mtu ndani ya gari lile aliyeweza kuona nyuma, na Mkurugenzi, aliyekuwa akiongoza hospitali nzima kwa mtindo huohuo, hakuhisi kwamba kuna kinachokosekana.

"Ni mguu wako," alisema.

"Mkubwa, nikizima kiyoyozi linakwenda sawasawa."

"Na mimi nikizima mshahara wako, utakwenda sawasawa?"

Wabo alibonyeza kitufe, kiyoyozi kikazima, na gari likateleza kama limepakwa mawese. Mkurugenzi alianza kutoka jasho kabla hawajafika kwenye taa. Akabonyeza mwenyewe. Kitu kikalia *tak* chini ya boneti, baridi ikaja, na gari likaanza tena kuruka.

"Ijumaa Mheshimiwa anakuja kutoka wizarani kumtoa baba mkwe wake," Mkurugenzi alisema, mikono miwili ikiwa imeshika dashibodi. "Nitampokea getini kwa gari hili. Likinirusha mbele yake, ufunguo utamkabidhi mpwa wangu. Amepata leseni juzi, na ana miguu mizuri."

Katika mji ule, Ijumaa ni siku ya kutoa maiti. Familia huja hospitali na bendi ya tarumbeta, wote wamevaa vitenge vya sare vyenye picha ya marehemu, wakamchukua mtu wao kwenda kumzika kijijini Jumamosi. Ijumaa hii ilikuwa pia ya mama yake Wabo. Mama Djuidje, aliyeuza maandazi na maharage mtaa wa Bépanda mpaka mgongo ukakataa, alikuwa chumba cha maiti tangu mwisho wa Januari, na sasa Machi ilikuwa imeanza kuchoma mabati. Hakuna aliyemchelewesha kwa ubaya. Kwanza nyumba ya kijijini ilipakwa rangi, kwani wageni hawawezi kulia vizuri mbele ya ukuta uliobabuka. Kisha ikangojewa likizo ya Tamo, mtoto wa kwanza, anayeishi Ubelgiji. Kisha vitenge vikatoka kiwandani vya kijani badala ya zambarau, vikarudishwa. Ukoo wa Wabo, kama koo zote za heshima kule mkoa wa Magharibi, ulijua kwamba marehemu ana subira kuliko majirani.

Tatizo lilikuwa chumba chenyewe. Tangu mashine yake ilipoanza, kwa maneno ya ofisi, kupumzika, ndani kulikuwa na joto la jikoni. Kila jioni Wabo alipita kwa wauza samaki wa Youpwé, akanunua barafu, akaipanga kwenye meza ya mama yake. Kila asubuhi aliikuta ni maji. Alichokitaka kilikuwa kidogo: mama yake afike Ijumaa akiwa na sura yake, ili ndugu wakifunua jeneza wamwone mtu waliyemfahamu.

Jumanne alilipeleka gari kwa Biyong.

Biyong alikuwa fundi anayevaa koti jeupe la daktari na kutaka aitwe Profesa. Gari lililoingia kwake na kasoro moja lilitoka na mbili, na ile ya pili aliiita matokeo ya matibabu. Aliinama juu ya injini kwa huzuni kubwa.

"Anaumwa tangu lini?"

"Tangu Desemba, tulipojaza gesi ya baridi. Kiyoyozi kikiwaka linashtuka, kikizimwa limepona."

"Gia gani?"

"Ya kwanza na ya pili, kwenye foleni. Nikikimbia halisumbui sana."

"Unalala vizuri?"

"Mimi?"

"Nauliza tu. Daktari lazima aulize."

Alibadilisha plagi. Alisafisha koo la hewa, lililokuwa jeusi kama chini ya sufuria. Alipandisha kidogo mngurumo wa injini inaposimama bila gia, huku akieleza kwa sauti ya mhadhara kwamba kompresa ya baridi hula nguvu ya injini, na injini inayoliwa kuliko inavyokula lazima itetemeke. Maelezo yalikuwa sahihi na hayakusaidia kitu. Wabo alizunguka uwanja wa gereji na kiyoyozi, na gari likamrusha mbele ya mafundi wote, nao wakaacha kazi ili wafaidi.

"Simama hapohapo," Biyong alisema. "Usizime injini. Zima baridi. Washa. Zima. Washa."

Safari hii hakuwa akitazama injini. Alikuwa akitazama matako ya gari. *Tak*, kompresa ikashika, na nyuma ikashuka, kwanza kushoto, kisha kulia, kisha katikati, kama kitanda kinachopokea wageni. *Tak*, ikaachia, na nyuma ikainuka. *Tak*, ikashuka tena.

Biyong alifungua mlango wa nyuma.

"We Wabo," alisema, akiwa amekasirika kweli. "Unaniletea gari linashtuka, nahangaika na plagi mchana kutwa, kumbe umejaza abiria huku? Uzito wote huu si ungeutaja?"

Wabo alishuka, akazunguka, akatazama. Upande wa kulia, nyuma ya kiti cha Mkurugenzi, alikaa mzee mnene wa suti ya kahawia, magoti ameyapanua. Kando yake alibanwa mwalimu mwembamba mwenye pamba puani, na msichana aliyevaa gauni la wodini. Dirishani upande wa kushoto, kilemba chake kimekaa sawasawa, alikaa Mama Djuidje. Wote wanne walikuwa na kikaratasi chenye namba kwenye dole gumba la mguu.

"Funga mlango," Mama Djuidje alisema. "Baridi inatoka."

Wabo aliingiza kichwa ndani na kuuvuta mlango mpaka ukambana shingo.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamkaje nini, nimebanwa. Huyu mzee anakaa kama yuko sebuleni kwake. Na wewe, baba yangu, hebu iheshimu hiyo klachi. Umerithi mguu wa babako, yule aliyeangusha hata toroli."

"Lakini mbona mko huku?"

"Tukae wapi? Kule ndani ni tanuri. Baridi yetu iko huku, basi ikiwaka tunaifuata, ikizima tunarudi. Sasa hii mashine yenu inawaka inazima, inawaka inazima, na sisi tunaingia tunatoka, tunaingia tunatoka. Kiuno changu kimekwisha."

"Mimi nilikuwa mkuu wa forodha," yule mzee alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Siwezi kukaa katikati."

Biyong alijipiga paji la uso. "Ala! Ule mtungi wa gesi alioniletea bosi wako Desemba. Ulikuwa umeandikwa ubavuni 'Chumba cha Maiti'. Mimi nikadhani ni jina la duka."

Wabo aliukumbuka mtungi. Yeye ndiye aliyeutoa kwenye buti, na siku ile baridi ilipopuliza kwa mara ya kwanza, yeye na Mkurugenzi walimshukuru Mungu kwa pamoja.

"Basi ugonjwa umejulikana," Biyong alisema, akifuta mikono kwenye koti. "Gesi imepungua, ndiyo maana kompresa inashika na kuachia ovyo, na hawa wanashuka na kupanda kila inapolia. Dawa ni mbili. Ama gesi irudi ilikotoka, ama gari lizoee kubeba. Kurudisha gesi kunataka ruhusa. Kulizoesha gari kunataka spana." Akanyanyua spana. "Mimi nina spana."

Jumatano baada ya kazi Wabo alikwenda kwenye kikao cha ukoo, nyumbani kwa baba yake mdogo, mzee Kengne. Alieleza kwamba chumba cha maiti kimekuwa tanuri, kwamba barafu haifui dafu, na kwamba mama yuko ndani ya gari la bosi, anabanwa na mkuu wa forodha. Akaomba azikwe kesho yake.

Shangazi mmoja aliuliza kama amepewa dirisha. Wabo akasema ndiyo. Kikao kikapumua.

"Kesho?" mzee Kengne alisema. "Vitenge vya zambarau vinatoka kesho jioni. Umeona wapi mama wa watoto saba anazikwa watu wamevaa kijani?"

"Baba mdogo, anaharibika."

"Humo garini si kuna baridi?"

"Ipo, ila kiyoyozi kikizimwa anarudi kwenye joto."

"Basi usikizime. Dereva ni nani, si wewe?"

Watu walicheka kwa upendo. Kikao kikaafikiana kwamba huo ndio utakuwa mchango wa Wabo katika msiba, na kwamba hatatakiwa kutoa mbuzi. Kisha wakarudi kwenye ajenda kubwa, ambayo ilikuwa kofia za bendi.

Alhamisi Wabo alimwambia Mkurugenzi. Alingoja wafike kwenye foleni, gari lilipokuwa likiruka kwa juhudi zake zote.

"Mkubwa, gari halina ubovu. Nyuma kuna watu."

Mkurugenzi alinyoosha tai yake kwenye kioo. "Watu gani?"

"Marehemu wa hospitali. Wanafuata gesi yao."

"Wanalalamika?"

"Wanasema kunabanana."

"Kubanana si malalamiko. Wodini watu wanalala wawili wawili kitandani, tena wale wako hai na wamelipa." Akafikiri kidogo. "Baba mkwe wa Mheshimiwa yumo?"

"Ndiye aliye nyuma yako, Mkubwa. Magoti yake ndiyo yanayokuchoma mgongoni."

Mkurugenzi, ambaye alikuwa akitibiwa mgongo na madaktari bingwa wake wawili, alisogeza kiti mbele kidogo kwa heshima ya wizara. Hakugeuka.

"Mkubwa, tungeirudisha gesi kwenye mashine yao..."

"Gesi iliyokwisha kutumika hairudi. Wewe ukishakula samaki wa kuchoma, unamrudisha mtoni?"

"Mama yangu naye yumo, Mkubwa."

Hapo Mkurugenzi aliguswa. Aliweka mkono begani kwa Wabo. "Mama yako, muuza maandazi, amekaa dirishani ndani ya gari la Mkurugenzi, anapulizwa baridi. Mimi nina madaktari ambao hawajawahi kupata bahati hiyo. Acha kulia. Rekebisha gari."

Kwa hiyo siku ile kiyoyozi hakikuzimwa. Mkurugenzi alipokaa kwenye baa ya Deido kula samaki wa kuchoma na miondo ya muhogo, akavua viatu, akaagiza wa pili, gari lilibaki nje likinguruma, mafuta ya hospitali yakiungua. Kompresa ilikuwa bado inashika na kuachia, na kila *tak* ilileta zamu mpya. Chini ya kibaraza cha baa palikuwa na foleni ya marehemu, vikaratasi vikiwa vidoleni, wakisubiri kwa utulivu ambao wagonjwa wa nje hawajawahi kuuonyesha. Wapita njia walikasirika kidogo, wakidhani ni foleni ya teksi na kwamba wale wa mbele wamependelewa. Mama Djuidje alikataa kutoa zamu yake. Alisema amekaa foleni za kutosha alipokuwa hai.

Kabla jua halijazama, Wabo alilirudisha gari kwa Biyong. Profesa alifunga springi nene za gari la mizigo. Alikaza mkanda wa kompresa. Akapandisha mngurumo wa injini mpaka gari likawa na sauti ya mtu aliyeshiba. Mwisho kabisa akajaza gesi, ili kompresa ishike moja kwa moja na abiria wasilazimike kushuka. Mtungi wa safari hii ulikuwa mpya, umefika hospitali asubuhi ileile kwa ajili ya kufufua mashine ya chumba cha maiti, na Mkurugenzi alikuwa ameutuma gereji ukiwa bado una utepe. Nao uliandikwa ubavuni.

"Duka lilelile," Biyong alisema.

Wabo alijaribu gari. Alipanda kilima kwa gia ya pili, akasimama katikati, akaondoka, kiyoyozi kikivuma na kiti cha nyuma kikiwa kimejaa. Halikushtuka hata kope. Alishika usukani, akaona haya kwamba amefurahi.

Ijumaa bendi zilikuwa tatu, mbili za Mheshimiwa na moja ya kwao Wabo, kila moja ikijitahidi kuzifunika nyingine mbili. Gari liliteleza hadi getini kumlaki Mheshimiwa, likateleza naye hadi mbele ya chumba cha maiti. Mhudumu akafungua mlango mkubwa. Joto likatoka, likawafanya watu wa mbele warudi nyuma, na meza walizokuja kuzifuata zilikuwa tupu.

"Wako kwenye gari," mhudumu alisema, akaonyesha kwa kidevu.

Umati ukageuka. Bendi zikageuka pia, jambo lililochukua muda kwa sababu ya yule wa ngoma kubwa. Mkuu wa forodha alishuka kwanza, kwa cheo chake, akafunga kifungo cha koti na kuwapa watu mkono. Mheshimiwa alitokwa na machozi. Akasema hajawahi kuona hospitali inayomtendea mzazi wake hivyo, na Mkurugenzi, aliyekuwa na hotuba mfukoni, akaitupa na kusema nyingine papo hapo. Alisema hospitali yake imeamua kuhifadhi marehemu kwa njia ya mwendo. Alisema dunia nzima inaelekea huko. Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa naye akaahidi, mbele ya wote, kumtafutia Mkurugenzi gari kubwa zaidi, la viti saba, lenye matundu ya baridi mpaka nyuma, na makofi yakaongezeka.

Mama Djuidje alishuka wa pili. Wabo alimshika kiwiko. Sura yake ilikuwa sura yake, pamoja na lile kovu dogo la mafuta ya moto karibu na jicho. Tamo, aliyetua asubuhi ile na koti la sufu, alilia akauliza nani amemtunza mama vizuri namna hii.

"Familia," mzee Kengne alijibu.

Mama alivitazama vitenge vya zambarau, safu baada ya safu, picha yake ikiwa imevimba kwenye kila tumbo.

"Kijani kingenipendeza," alisema.

Kisha akamvuta Wabo karibu na jeneza. "Huko ndani wamebaki wengi, baba yangu. Yule msichana wa gauni hana mtu atakayekuja na bendi. Mpe dirisha langu."

Akalala, akanyoosha kilemba, na wanaume wakaweka kifuniko.

Gari la kumpeleka Magharibi lilikuwa na picha ya malaika ubavuni na madirisha yasiyofunguka. Wabo alimwendea Mkurugenzi, akaomba ruhusa aondoke na msafara.

"Baada ya chakula cha Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema. "Utapanda basi la usiku. Kaburi halikimbii."

Basi Wabo akakaa kwenye usukani. Tarumbeta za watu wa kwao zilisikika zikishuka kuelekea barabara kuu, zikipungua. Alibonyeza kitufe. *Tak*. Nyuma, msichana wa gauni alijisogeza dirishani, mwalimu akafuata, na wengine wawili wakabanana. Wabo alinyoosha mkono akageuza kioo cha katikati, ili angalau amwone kama amekaa vizuri. Msichana alikuwa ameegemeza kipaji cha uso kwenye kioo cha dirisha na kufumba macho.

Mkurugenzi akakirudisha kioo kwenye tai yake.

Walipita Ndokoti kwa gia ya kwanza, foleni ikiwa imekaza, na gari likaenda kama maji ndani ya mtungi. Yule mwanamke wa maandazi aliinua mwiko, akamsifu dereva kwamba hatimaye amejifunza.

"Umeona?" Mkurugenzi alisema, akifumba macho kwenye baridi. "Nilikwambia ni mguu wako."